Nani Ameshika Fimbo? Picha Kubwa za Hadithi na Deni la Wanafasihi Simulizi

Mwanafunzi anapoingia darasa la kwanza la fasihi katika chuo kikuu hupokewa na fasili ambayo ataibeba hadi mtihani wa mwisho: fasihi ni sanaa itumiayo lugha. Mchongaji ana gogo lake, mfinyanzi ana udongo, mchoraji ana rangi, naye mwanafasihi ana maneno. Fasili hiyo si mbaya kwa mwanagenzi, maana kila safari sharti iwe na pa kuanzia. Tatizo ni kwamba aghalabu safari huishia papo hapo. Mstari uliochorwa ili kumwonyesha mgeni njia umegeuka ukuta, na nyuma ya ukuta huo zimeachwa kazi ambazo, kwa vigezo vya nadharia zetu wenyewe, ni fasihi simulizi bila shaka yoyote. Miongoni mwazo ni picha kubwa za hadithi: zile zinazojaza ukuta mzima wa kanisa au ukumbi, na zile zilizochorwa juu ya vitambaa virefu vya kukunjwa na kukunjuliwa mbele ya watu.

Makala haya yanadai kwamba picha ya aina hiyo, katika sehemu kubwa ya historia yake, haikuwa kazi ya macho pekee. Ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kinywa cha mtu aliyesimama kando yake akionyesha kwa fimbo, kwa kidole au kwa upinde wa zeze. Msomi anayeitazama picha na kumsahau mtu huyo ni sawa na yule anayesoma ngano kitabuni akadhani amemsikia bibi akiitamba.

Dai hili lina mpinzani wa zamani sana. Karibu na mwaka 600, Papa Gregory wa Kwanza alimwandikia Askofu Serenus wa Marseille kumkemea kwa kuvunja picha zilizokuwa makanisani. Hoja yake ilikuwa kwamba wasiojua kusoma hupata katika picha kile ambacho wasomi hupata katika maandishi. Kutokana na barua hiyo kukazaliwa imani iliyodumu karne nyingi, kwamba picha ni kitabu cha asiyejua kusoma. Ni kauli tamu, na imenukuliwa kiasi kwamba ni wachache wanaosita kuihoji. Hebu msomaji achukue picha ya mtu aliyepiga magoti chini ya mti usiku, na wenzake watatu wamelala kando. Aliyelelewa katika Injili atasema bila kusita kwamba hiyo ni Gethsemane. Asiyepata kuisikia Injili ataona mtu anayeomba na watu wavivu. Picha haikumfundisha yeyote kati yao hadithi. Ilimkumbusha mmoja hadithi aliyokwisha kuambiwa kwa mdomo, na mwingine ikamwacha alivyokuwa.

Wenyeji wa Rajasthan, kaskazini-magharibi mwa India, hawakupata kudanganyika kuhusu jambo hili. Huko kuna kitambaa kiitwacho par, chenye urefu wa mita nne au tano hivi, kilichojaa picha za shujaa Pabuji, farasi wake, maadui zake na ngamia wake. Mwimbaji wake, bhopa, hukitandaza jioni na kukesha akiimba huku akicheza zeze lake. Mkewe huimba pamoja naye na kumulika kwa taa sehemu inayosimuliwa, ilhali sehemu nyingine zote zimo gizani. La kushangaza ni kwamba picha katika par hazikupangwa kwa mfuatano wa matukio. Zimepangwa kwa mahali: nyumbani kwa huyu, ngome ya yule, na vita katikati. Mtu akijaribu kuisoma kutoka kushoto kwenda kulia kama anavyosoma gazeti hatapata hadithi yoyote. Mfuatano uko katika kumbukumbu ya bhopa, na upinde wa zeze lake ndio unaoruka kutoka pembe moja hadi nyingine kuutafuta. Mchoraji huliacha jicho la shujaa hadi mwisho kabisa. Likishatiwa, kitambaa si bidhaa tena bali ni mahali pa ibada. Nacho kikichakaa hakitupwi. Huzikwa majini, katika ziwa takatifu la Pushkar.

Nchini Iran nako palikuwa na desturi ya pardeh, yaani pazia. Msimulizi alitundika turubai kubwa lenye matukio ya Karbala ya mwaka 680, akashika fimbo, akaanza kusimulia mauaji ya Imam Husein hadi wasikilizaji wakabubujikwa na machozi. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa ile ya 20, wachoraji wa mikahawani walipamba kuta za mikahawa hiyo kwa masimulizi kama hayo na kwa visa vya mashujaa wa kale. Mwaka 2011 shirika la UNESCO liliitia sanaa ya wasimulizi wa Iran, naqqali, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Itafaa izingatiwe kwamba kilichohitaji kulindwa ni usimulizi. Turubai hutunzika kwenye makumbusho, bali koo la msimulizi halitunziki hivyo. Mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili anao mfano wa kulinganisha ulio karibu zaidi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtunzi wa Mrima, aliitungia Karbala hiyohiyo utenzi mrefu bila kuhitaji rangi hata tone. Tukio ni moja, kilio ni kimoja. Huku pazia na fimbo, kule vina na mizani.

Ulaya ilipoichukua picha kubwa na kuifanya biashara, jambo la kwanza lililofanywa lilikuwa kumwondoa msimulizi. Robert Barker, mchoraji aliyezaliwa Ireland na kuishi Edinburgh, alipata hataza ya mbinu yake mwaka 1787, na mwaka 1793 akafungua jengo la duara katika uwanja wa Leicester Square mjini London. Mtazamaji alisimama katikati, picha ikamzunguka pande zote. Hiyo ndiyo iliyoitwa panorama. Badala ya mtu wa kueleza, mteja aliuziwa kijitabu chenye mchoro mdogo na majina ya majengo. Ilikuwa ajabu ya macho, lakini haina mengi ya kumpa mwanafasihi.

Mambo yalibadilika Marekani, ambako picha ilianza kutembea na msimulizi akarudi jukwaani. John Banvard, aliyezaliwa New York mwaka 1815, aliteremka mto Mississippi akichora kingo zake, kisha akahamishia michoro hiyo kwenye kitambaa kimoja kirefu kilichozungushiwa nguzo mbili zilizosimama wima. Hadhira ilikaa ukumbini, kitambaa kikapita mbele yao kikifunguka upande mmoja na kukunjwa upande wa pili, wao wakajihisi wamo melini. Banvard mwenyewe alikaa kando akieleza, akitania na kupenyeza visa vya mtoni. Matangazo yalidai kwamba kitambaa hicho kilikuwa na urefu wa maili tatu. Hiyo ilikuwa chumvi ya mfanyabiashara, na ukweli ulikuwa pungufu sana. Hata hivyo, hata pungufu hilo lilikuwa kubwa kuliko picha yoyote ambayo watu wale walikuwa wameiona. Onyesho lilianza Louisville mwaka 1846, likaenda Boston na New York, likavuka bahari hadi London mwaka 1848, na mwaka 1849 likafika mbele ya Malkia Victoria katika kasri la Windsor. Mshairi Longfellow, aliyekuwa akitunga utenzi wake Evangeline uliotoka mwaka 1847, alikwenda kulitazama kwa sababu alihitaji kuuona mto ambao hakupata kuufikia. Basi sehemu ya mandhari ya shairi mashuhuri ilitoka kwenye turubai la maonyesho. Mipaka ya idara za vyuo ilikuwa bado haijachorwa.

Mississippi ya Banvard ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa na miti, mbalamwezi, meli za mvuke na mashamba yaliyonawiri. Waliolima mashamba hayo walikuwa watumwa, na katika mto huohuo walisafirishwa kwenda kuuzwa New Orleans kama marobota ya pamba.

William Wells Brown aliujua mto ule kwa namna nyingine. Alizaliwa utumwani Kentucky, akakodishwa kufanya kazi kwenye meli za mvuke, na kwa muda akalazimishwa kumtumikia mfanyabiashara aliyepeleka binadamu wenziwe mnadani. Alitoroka mwezi Januari 1834. Mwaka 1847, akiwa tayari mhutubu wa kupinga utumwa, aliingia ukumbini mjini Boston kutazama panorama ya mto Mississippi, ambayo huaminika kuwa ndiyo ya Banvard. Baadaye alieleza jinsi alivyostaajabu kuona utumwa umechorwa kwa upole kiasi kile. Hakuandika barua ya kulalamika gazetini. Alikusanya michoro, akawapa wachoraji mjini London, na mwaka 1850 akaanza kuzunguka Uingereza na panorama yake mwenyewe yenye mandhari 24: wauzwao na wauzaji, familia zilizotenganishwa, minyororo, mbwa wa kuwasaka watoro, na njia ya kutorokea Canada.

Hapa ndipo kiini cha mjadala kilipo. Banvard na Brown walikuwa na mto mmoja. Walitumia chombo kimoja, kitambaa kile kile cha kuzungushwa, na kwa kiasi fulani waliihutubia hadhira ya aina moja. Shamba la miwa la Louisiana likichorwa kwa mbali kutoka melini ni kijani kibichi tu, awe amelichora nani. Kwa msimulizi mmoja kijani hicho ni neema ya nchi. Kwa mwingine ni mahali ambapo mama aliuziwa mtoto wake. Tofauti kubwa haikutokana na ubora wa rangi. Ilitokana na nani aliyekuwa ameshika fimbo, na alikuwa amesimama wapi mto ule ulipokuwa ukipita.

Wa pili alikuwa Henry Brown, ambaye jina lake la kati, Box, ni kisa chenyewe. Mwezi Machi 1849 alijifungia ndani ya kasha la mbao mjini Richmond, Virginia, akatumwa kama mzigo hadi Philadelphia, safari ya zaidi ya siku nzima, sehemu yake akiwa kichwa chini miguu juu. Mwaka uliofuata alifungua mjini Boston panorama aliyoiita Kioo cha Utumwa. Sheria ya kuwarejesha watumwa watoro ilipopitishwa Septemba 1850 alilazimika kukimbilia Uingereza, na kitambaa chake akaenda nacho. Huko, mhariri mmoja wa gazeti la mkoani aliandika kwamba maonyesho yake yalikuwa uongo na upuuzi. Brown alimshtaki, na mwaka 1852 mahakama ikamtunuku fidia ya pauni 100. Wako wanaodhani kwamba mjadala kuhusu ukweli katika sanaa ni wa semina za nadharia pekee. Huyu aliupeleka mbele ya hakimu, yeye aliyekuwa bado ni mali ya mtu kwa mujibu wa sheria za Virginia, akashinda.

Panorama zote tatu zimepotea. Hakuna hata kipande cha kitambaa cha Banvard kilichobaki, wala cha Brown hawa wawili. Kilichosalia cha William Wells Brown ni kijitabu alichokichapisha London mwaka 1850 chenye maelezo ya kila mandhari, yaani maneno. Wanahistoria wa uchoraji wamebaki bila cha kutazama. Mwanafasihi ana matini mkononi. Mtu huyo huyo, miaka mitatu baadaye, alichapisha Clotel, riwaya inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuandikwa na Mmarekani mweusi. Mwenye macho ataona kwamba mwandishi aliyezoea kuzungusha mandhari 24 mbele ya watu, kila moja na kisa chake, hakuiacha mbinu hiyo mlangoni alipoingia kwenye riwaya.

Wanafunzi wengi wa Kiswahili wameisoma makala ya M. M. Mulokozi ya mwaka 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi. Humo fasihi simulizi inachukuliwa kuwa tukio linalotawaliwa na mambo sita: fanani, tungo, hadhira, tukio, mahali na wakati. Vigezo hivyo vikipimwa kwenye onyesho la Brown hakuna kinachokosekana. Fanani yupo, na ana ushahidi mwilini mwake. Tungo ipo. Hadhira ipo, imelipa kiingilio, inauliza maswali. Tukio, mahali na wakati vimo kwenye tangazo lililobandikwa mlangoni. Ikiwa bibi anayetamba ngano huku akitumia ushanga na kiti chake kama maleba hutambuliwa kuwa fanani, ni kwa sheria gani mtu anayetamba akitumia kitambaa kilichochorwa aondolewe katika orodha na kupelekwa idara ya sanaa za uchoraji?

Itajibiwa kwamba ziko picha kubwa zisizo na fanani, na kwamba hizo hujisemea zenyewe. Mfano hauko mbali. Katika kanisa kuu la Kianglikana la Murang'a kuna michoro mitano ya ukutani aliyoichora Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na mhitimu wa Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1950. Ndiye huyo aliyeshiriki baadaye kuanzisha jumba la sanaa la Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, jina ambalo mwanafunzi yeyote wa vitate na maneno ya maana nyingi angelionea fahari. Michoro hiyo inasimulia maisha ya Yesu tangu kuzaliwa hadi msalaba, naye Yesu ni Mwafrika, kazaliwa katika nchi ya Wakikuyu, miongoni mwa watu wanaofanana na waumini waketio chini ya kuta hizo.

Je, picha hizo zinajisemea? Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa Hali ya Hatari kwa kukataa kula kiapo. Kwa mzee mmoja wa Murang'a, mtu mweusi aliyeangikwa msalabani katika jengo lile ni jamaa yake aliyekufa kwa ajili ya imani. Kwa mzee mwingine wa kijiji hicho hicho, ambaye ndugu yake alinyongwa au kufia kizuizini kwa kuwa upande wa msitu, mtu huyo huyo anaweza kuwa mwingine kabisa. Ukuta hauamui kati yao. Rangi hazikubadilika tangu zilipokauka, ila hadithi inayosimuliwa mbele yake hutegemea aliyesimama pale asubuhi hiyo, naye ndiye ambaye hakuna anayemrekodi.

Kuna mahali pamoja ambapo alirekodiwa, tena kwa Kiswahili. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947, alikuwa mchoraji wa Lubumbashi aliyeuza picha zake kwa wakazi wa kawaida kuning'iniza sebuleni. Kati ya mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya nchi yake katika picha 101. Kila moja ni ndogo, ya kubebwa kwapani. Zikipangwa pamoja ni ukuta mrefu kuliko wa Murang'a. Tshibumba hakukabidhi picha akaenda zake. Aliketi na kusimulia kila moja kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichochanganyika na Kifaransa, kinasa sauti kikiwa wazi. Katika picha ya kifo cha Lumumba na wenziwe wawili kuna misalaba mitatu kwa mbali. Mtazamaji asiyeambiwa neno angeweza kudhani kwamba ni makaburi. Mchoraji alieleza kwamba kwake kifo cha Lumumba kilikuwa kama kile cha Yesu. Habari za Tshibumba zilikatika mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mfululizo huo umehifadhiwa katika makumbusho mjini Amsterdam. Kitabu kilichotokana nao, kilichotoka mwaka 1996, kinayatoa masimulizi yake kwa tafsiri ya Kiingereza. Kwa maneno mengine, mojawapo ya simulizi ndefu za kihistoria zilizopata kutolewa kwa mdomo katika Kiswahili inajulikana zaidi kwa wanaanthropolojia na wanahistoria wa sanaa kuliko kwa wanafunzi wa Kiswahili. Yamkini ni kwa sababu Kiswahili chake si sanifu; yamkini ni kwa sababu ilikuja na picha. Sababu zote mbili ni dhaifu.

Tasnifu kuhusu usawiri wa mwanamke katika riwaya zile zile tano zinaendelea kujaza rafu za maktaba, na hakuna ubaya, mradi watahini hawajachoka. Ila mtafiti mmoja tu, akiwa na simu inayonasa sauti na nauli ya matatu ya kilomita 85 hivi kutoka Nairobi, angeweza kuanza kazi ambayo haijaanza. Waliokuwa watoto wa miaka kumi kuta za Murang'a zilipokuwa zikichorwa wamekwisha kupita miaka 70. Hojaji haihitaji kuwa ndefu, na swali lake la kwanza linajulikana: Mzee, huyu hapa ukutani ni nani?